Mbayuwayu wa Nyumba Mbili

Mtakaosoma haya mnivumilie. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na tangu hapo mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Mwandiko wangu ni mbaya, najua, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Naandika polepole, sentensi moja halafu napumzika. Mkikuta kosa msinicheke sana, endeleeni tu mbele, kwa sababu nimeogopa kuandika haya kwa miaka mingi na nikisimama katikati kurekebisha herufi sitamaliza.

Mwezi wa nne mwaka huu nilikuwa Soko la Toi nikichagua mashati ya mitumba, mwanamke mmoja akanishika mkono. "Wewe si Kavata? Kavata wa Fundi?" Sikumjua mpaka alipocheka nikaona pengo la meno yake ya mbele. Alikuwa Akoth, mtoto wa jirani yetu wa zamani, ambaye nilimwacha akiwa na miaka tisa. Nikamuuliza mama yake yuko wapi siku hizi. "Mama alituacha mwaka jana," akasema. "Tulimzika nyumbani, kule ziwani." Nikasema pole. Akaniuliza, "Na Fundi, bado yuko?" Nikamwambia yuko, tunaishi naye Kawangware, ni macho tu yanamsumbua. "Basi msalimie sana. Mwambie ni Akoth." Alisema hivyo kwa roho safi kabisa, akaenda zake na mzigo wake wa mitumba kichwani, na mimi nikabaki nimeshika shati la mtu nisilolitaka. Sikununua kitu siku hiyo. Salamu ile sikuifikisha kwa wiki mbili, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Ni habari ya miezi michache, kuanzia mvua ya vuli ya 2007. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi na Anti Syombua kwenye ploti moja ya Kambi Muru, Kibera. Anti alikuwa fundi wa nguo, na ploti nzima ilimwita Fundi, hata watoto. Mimi nilimshonea vifungo na mapindo. Vyumba vilikuwa vya udongo na mabati, vitano upande huu na vitano upande ule, na mtaro katikati. Ukuta uliotutenganisha na Mama Akoth haukufika kwenye paa. Mwenye nyumba aliuishia chini ya boriti, akaacha nafasi ya urefu wa mkono, nafikiri ili aokoe udongo. Kwa hiyo tuliishi nyumba mbili zenye hewa moja. Nilijua kikohozi cha Mama Akoth, nilijua wimbo aliouanza akichoka, nilisikia Akoth na mdogo wake wakikariri jedwali la saba na kukwama pale pale kila siku. Hata chakula kilipita juu. Mama Akoth akikaanga omena, wale dagaa wa ziwa, aligonga ukuta kwa mwiko, "Fundi, pokea!" na mkono wake ukatokea juu ya ukuta na sahani. Anti alipanda kigoda akaipokea. Sahani haikurudi tupu. Ilirudi na muthokoi na maharagwe, au kipande cha chapati, na Mama Akoth akiuma zile mbegu za mahindi tungemsikia akisema, "Nyinyi watu wa Kitui meno yenu ni ya chuma."

Ndege walikuja mvua ilipoanza. Walikuwa mbayuwayu wawili, kichwa chao rangi ya matofali na kifua cheupe chenye mistari myeusi kama karatasi ya daftari. Waliingia kwetu kwa nafasi iliyokuwa juu ya mlango, kati ya fremu na paa, nafasi ambayo hata mtu mwembamba angepita akijibana. Walichukua matope pale bomba la muuza maji lilipovuja, wakayaleta kwa mdomo tone moja moja, wakajenga kwenye boriti juu ya ukuta wa katikati. Kiota kilikuwa kama chupa iliyolazwa. Njia yao ilikuwa kwetu, lakini shingo ya chupa iliangalia kwa Mama Akoth, na kinyesi chote kikaanguka kwenye kitanda chake. Anti alipoona hivyo akachukua ufagio.

"Fundi, weka huo ufagio chini," Mama Akoth akapaza sauti kutoka kwake. "Nakusikia unapanda kigoda."

"Si nakusaidia wewe? Wanakunyea."

"Wacha waninyee. Kwetu opija akijenga ndani ya nyumba, hiyo nyumba haina ugomvi. Hajengi mahali pa kelele, huyu. Anachagua."

"Amechagua njia kwangu, choo kwako."

"Basi tumegawana!"

Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake. Mama Akoth akafungua katoni, akaitundika kwa kamba chini ya kiota, na kila Jumamosi aliibadilisha. Mimi sikusema kitu, kama kawaida yangu. Sikuwa mtu wa kuongea. Wageni wakija niliangalia sindano. Mtu akiniuliza jina, Anti ndiye aliyejibu. Lakini wale ndege nilikuwa nao tangu asubuhi hadi jioni, na hawakuniuliza kitu. Nilijua yupi anapenda kukaa kwenye waya wa nguo kabla ya kuingia. Nilijua wameanza kulalia mayai, mwisho wa Desemba, kwa sababu mmoja aliacha kutoka.

Kabla ya Krismasi Anti alileta cherehani nyumbani kutoka kibanda chake cha Toi. Alisema kura zikiisha atairudisha. Ililetwa na mkokoteni, na ploti nzima ilitoka kuisaidia kuvuka mtaro. Ilikuwa cherehani ya zamani ya miguu, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika mahali ambapo Anti aliegemeza mkono wa kushoto kwa miaka mingi. Tukaiweka chini ya dirisha. Krismasi tulipika chapati pamoja, Mama Akoth akikanda, Anti akisukuma, mimi nikigeuza, na watoto wakila kabla hazijapoa. Siku ya kura wale wawili walienda foleni pamoja, wakakaa huko mpaka mchana, wakarudi miguu imevimba. Hawakuulizana wamempa nani. Nilikuwa nikifikiri kila mtu anaishi hivyo.

Matokeo yaliposomwa nilikuwa nikipindua mkono wa sare ya shule. Redio zilikuwa mbili, yetu na ya Mama Akoth, zikisema jambo moja. Kisha upande wake ikazimwa. Anti naye akazima yetu. Nilikaa nikingoja mmoja wao aongee juu ya ukuta, hata kukohoa. Nje kelele zilianza mbali, mabati yakapigwa, watu wakakimbia kwenye mtaro, na moshi ukaingia kwa ile nafasi ya juu ya mlango pamoja na ndege aliyekuwa akirudi. Siku hizo Toi ikaungua. Tuliambiwa na mtu aliyepita mbio. Anti alikaa kwenye kigoda akaweka mkono juu ya cherehani, akaliacha jua lizame bila kuinuka kupika. "Hii ndiyo imebaki," akasema. Baadaye mwiko uligonga ukuta. Sahani ilikuja na ugali na sukuma, bila neno, na Anti akaipokea bila neno.

Januari ikawa hivyo, siku mbili kimya, siku ya tatu moto. Siku moja bomu la machozi lilianguka karibu na bomba la maji na chumba kikajaa. Mama Akoth alitutupia kitambaa chenye maji juu ya ukuta. Mbayuwayu walitoka, nikasema moyoni hawatarudi, lakini moshi haujaisha vizuri mmoja akapita juu ya kichwa changu na kuingia kwenye chupa yake ya udongo. Halafu wanasiasa waliohesabiwa kuwa wa kwetu wakaenda upande wa serikali, na sisi Wakamba tukaanza kuitwa wasaliti. Vijana wanne walikuja ploti mchana wakiwa na rungu. Mmoja tulimjua, Anti alimshonea suruali. Walisimama mlangoni kwetu. Mama Akoth akatoka na mikono yenye sabuni, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo, akasimama mbele yao.

"Mnatafuta nini kwa mlango wa wanawake?"

"Mathe, umeficha watu wa serikali hapa."

"Serikali gani inakula omena na mimi? Huyu ni fundi wangu. Hii nguo nimevaa ni mkono wake. Na wewe, hiyo suruali umevaa ni mkono wake. Ivue basi, umrudishie."

Wenzake wakamcheka yule kijana mpaka akaona aibu, wakaenda. Mama Akoth alirudi kwenye beseni lake. Nilimwona akiisuuza nguo moja ile ile mara tatu.

Mwisho wa mwezi huo ni yeye aliyetuambia tuondoke. Aliongea juu ya ukuta kwa sauti ya chini, mapema asubuhi. "Fundi, nimesikia watarudi, na hawatakuwa wale wanne. Nendeni hata wiki mbili. Nyumba nitaiangalia." Anti akauliza, "Na mashine?" Mama Akoth akasema, "Utaibeba wewe na hao watu barabarani? Iache. Niko hapa." Tukafunga nguo kwenye leso mbili. Anti akafunga dirisha kwa komeo la ndani, akafunga mlango kwa kufuli, halafu akatazama ile nafasi ya juu. Akatafuta kipande cha bati, akakipigilia kwa misumari miwili kuiziba. Mayai yalikuwa yameanguliwa siku chache tu. Niliwasikia makinda ndani, sauti nyembamba kama mshono unaofumuka. Mmoja wa wazazi alikuwa nje kwenye waya wa nguo, na mdudu mdomoni, akingoja Anti atoe mkono.

Ningesema. Ilikuwa ni sentensi moja tu: Anti, watakufa. Pengine angelitoa lile bati mwenyewe, pengine angenigombeza, lakini angejua. Sikusema. Tulipofika kwenye kona ya ploti nikamwambia nimesahau kitana. Nikarudi mbio, nikapanda ndoo, nikang'oa bati kwa jiwe, nikalificha nyuma ya pipa la maji pamoja na misumari yake. Ndege alipita karibu na shavu langu kabla sijashuka. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli, nilitembea mpaka Kawangware nikiwa na furaha ndani ya woga, nikijiona mtu aliyefanya jambo.

Kawangware tulipokewa na binamu ya Anti. Tulikuwa watu tisa kwenye chumba kimoja, tukila uji kwa zamu kwa sababu vikombe vilikuwa vinne. Huko nako watu waliulizana wewe ni wa wapi, ila jibu la hatari lilikuwa tofauti. Mwanamke mmoja wa lile jengo aliyezaliwa upande wa ziwa hakutoka nje kuchota maji, na nilimchotea mara mbili bila kumwambia jina langu. Furaha yangu iliisha siku ya tatu. Nilianza kuona ile nafasi ya juu ya mlango kila nikifumba macho, si ndege wakipita bali mguu wa mtu. Nikajiambia Mama Akoth yuko pale. Sikujua kwamba naye siku hizo alikuwa akipeleka watoto kulala kanisani, akirudi ploti mchana tu kwa kazi yake.

Zikapita zaidi ya wiki mbili, na Kibera ikatulia kidogo. Anti akanituma nitangulie mchana na mama mmoja wa kanisa, nione kama njia inapitika, yeye angekuja kesho yake. Kufuli lilikuwa zima. Nilipofungua, mwanga ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Dirisha lilikuwa limefunguliwa kutoka ndani na kurudishwa tu. Pale chini yake palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye udongo, na vumbi pembeni. Kwenye ukuta chini ya ile nafasi palikuwa na nyayo, zikishuka. Mtu aliingia kwa njia ya ndege, akafungua dirisha, akampitishia mwenzake mashine. Nikapanda kigoda nikachungulia juu ya ukuta, makinda yakanitolea vichwa, manne, yakiwa na manyoya yote.

Mama Akoth hakuwepo. Ploti ilikuwa kimya. Sikukaa chini nikafikiri, mikono yangu ilitangulia. Nililitoa bati nyuma ya pipa. Nikalirudisha juu ya mlango kwenye mashimo yale yale, misumari ile ile, kwa jiwe. Nikachukua kitambaa chenye maji nikapangusa nyayo na kuusawazisha udongo kwa kiganja mpaka ukawa ukuta mmoja. Halafu nikakaa kitandani nikangoja, na ndege wakapiga mabawa nje kwenye bati.

Anti alipofika kesho yake hakulia. Alitazama kufuli, akatazama bati, akatazama komeo la dirisha lililofunguliwa kwa ndani. Kisha akatazama nafasi iliyo juu ya ukuta wa katikati, akaiangalia kwa muda mrefu. Niliona wazo likimwingia na sikulizuia. Mama Akoth alikuwa amesikia sauti zetu, akaja na mikono imefunguka kutusalimia. Alifika mlangoni tu.

"Mlango mzima," Anti akasema. "Juu kumezibwa. Mtu ameingia wapi, Mama Akoth? Nyumba hii ina njia moja iliyobaki, na inatoka kwako."

"Fundi, unasema nini?"

"Uliniambia niiache. Uliniambia uko hapa."

Watu walianza kutoka vyumbani. Mama Akoth aliinua macho akaliona lile bati, akashangaa waziwazi. "Hii haikuwa imezibwa. Mimi mwenyewe nimewaona ndege wakipita hapa kila siku. Wangekula nini wale watoto wao?" Akanigeukia. "Kavata, nyathina, mwanangu, nimeambiwa wewe ulifika jana. Sema ulikuta nini."

Hapo hapo mbayuwayu akaingia. Alikuwa ameshajifunza njia mpya tangu asubuhi, akapita mlango wa Mama Akoth uliokuwa wazi, akaja juu ya ukuta akiwa na chakula. Anti akamnyooshea kidole. "Ona mwenyewe njia yao! Ni kwako!"

"Kavata," Mama Akoth akasema tena, polepole.

Nilitazama miguu yangu.

"Mwache mtoto," Anti akasema. "Kila mtu anajua haongeagi. Unataka kumwekea maneno mdomoni? Wewe ni mwizi. Nimekula sahani yako miaka sita, kumbe nala na mwizi."

 Mama Akoth aliendelea kunitazama mimi. Alijua. Nilimwona akijua, na nilimwona pia akiamua. Angeweza kupiga kelele kwamba nyumba ilikuwa wazi na mtoto ameificha, na wangepima mashimo ya misumari, na siku zile watu walikuwa tayari kumpiga yeyote kwa lolote. Alifunga mdomo akarudi kwake. Siku ile ile akamwita fundi wa mbao, wakaziba nafasi ya juu ya ukuta kwa maturubai.

Nilidhani itaisha. Viongozi walishikana mikono, shule zikafunguliwa, watu wakaanza kusalimiana kwa aibu. Lakini neno la Anti lilikuwa limetoka mbele ya ploti nzima, na kazi ya Mama Akoth ilikuwa ya kuingia katika nyumba za watu na kuachiwa nguo zao. Alipopita na beseni wakamwambia, leo hakuna, mama. Kesho hakuna. Watoto wakamwita Akoth mtoto wa mwizi kwenye foleni ya maji. Mwezi wa tano walihama. Sikutoka kuwaaga. Niliwasikia kupitia ukuta wakikunja kitanda, na Mama Akoth akimwambia mtoto wake asisahau sufuria. Baadaye sisi nasi tulihamia Kawangware, na ile ploti ilibomolewa barabara ilipopita.

Nimemwambia Anti. Ilinichukua zile wiki mbili baada ya kukutana na Akoth. Alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole kwa sababu hayaoni vizuri, na hakuacha kuyachambua.

"Ulirudisha bati," akasema.

"Nililirudisha, Anti."

"Na nyayo ukapangusa."

"Nilipangusa."

"Mashine ningekuchapa, halafu ningekusamehe. Mashine ni chuma." Akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. "Lakini yule mama alisimama mbele ya rungu kwa ajili yangu. Nikamtoa jina mbele ya watu. Sasa nitamrudishia wapi?"

Sikuwa nimemwomba Akoth nambari ya simu. Tumeenda Toi Jumamosi nne, mimi nikimshika Anti mkono, tukiuliza mwanamke mwenye pengo la meno anayebeba mitumba. Hatujampata. Ni Anti aliyesema niandike, kwa kuwa yeye hawezi, na niandike bila kupunguza.

Basi, kama uliishi ploti ile na ulitoka mlangoni siku ile ukamsikia Mama Akoth akiitwa mwizi, au ulimwambia hakuna nguo leo, jua kwamba nyumba iliachwa wazi na mimi, na aliyeficha ni mimi. Yeye hakugusa kitu. Yeyote uliyemwambia habari ile, mrudie umwambie hii. Na Akoth, ukisoma, sikuombi unisalimie. Niandikieni kupitia hawa wanaochapa maandishi haya, hata mstari mmoja, hata wa kunitukana, ili nimsomee Anti. Ananiuliza kila jioni kama kuna mtu amejibu, na mimi bado sijamaliza kuandika.